Reli ya Baba Nyuma ya Kreta

Tangu shule ifunguliwe, kila nikiingia chumba cha walimu naulizwa swali lilelile: eti Paulina, ni kweli mlizingirwa na ng'ombe? Nimeshajibu vipande vipande, huyu nikamwambia mwanzo, yule nikamwambia mwisho, na sasa nasikia kuna mtu huko Mang'ola anasimulia kwamba tulikamatwa kwa wizi wa reli. Basi nimeandika yote mara moja. Someni wenyewe, mkimaliza mnirudishie daftari langu.

Habari za kuomba ruhusa na kusotea petroli naziruka. Kila mmoja wenu amesota kwenye foleni hizohizo na hakuna jipya la kumweleza. Niseme tu kwamba nilikuwa na ile kamera niliyoachiwa na mwalimu wa kujitolea alipokwenda kwao, na ndani yake mkanda mmoja wa picha kumi na mbili, nilioupata Arusha baada ya kubembeleza duka zima. Gari lilikuwa Landirova ya binamu yangu Tluway, mtoto wa shangazi. Tluway ni dereva mzuri lakini ananung'unika kuliko injini yake.

Abiria alikuwa baba. Wengi wenu mnamjua Mzee Amnaay, ila mnamjua kwa jina la kejeli, Mzee Treni. Ujanani alikwenda kusini kama manamba, akaishia kwenye genge la reli ya karanga kule Nachingwea, wakilaza mataruma na kufunga reli juu yake. Karanga zilipokataa na treni likakosa mzigo, genge lilelile likarudishwa kuing'oa njia yote. "Nilimlaza mwenyewe, nikamwamsha mwenyewe," husema baba, maana kwake reli si kitu, ni mtu. Mlowezi mmoja wa kahawa huku Oldeani alinunua baadhi ya vipande kama chuma chakavu, na baba akapata usafiri wa bure. Alirudi nyumbani kutoka kusini amekalia reli nyuma ya lori.

Hadithi hiyo tumekua nayo. Aliisimulia kwenye kila kikao cha pombe na kila mavuno, na hasa kwenye benchi la mnadani Karatu, akiwa na rafiki yake Mzee Qamara, ambaye walichunga pamoja utotoni. Mpaka Krismasi iliyopita. Tukiwa harusini, baba kafika pale lori linapovuka mto, Qamara akasema mbele ya watu, "Amnaay, tupumzishe na treni lako. Tangu tuzaliwe, nani ameona reli Karatu?" Watu wakacheka, na mama mmoja akaangusha kibuyu kwa kucheka. Baba naye alicheka, mikono ameikunja mapajani. Lakini tangu siku ile hakuisimulia tena, na kwenye lile benchi hakurudi.

Mimi niliyekuwa nikikimbia hadithi ile nilianza kuitafuta. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshazibwa na mtoto wa jicho, la kushoto likawa linafuata, na nyumba ilikuwa kimya jioni kiasi cha kunikera. Nikapanga kwamba likizo ya Juni tuzifuate zile reli popote zilipotawanyika, nizipige picha, nikuze picha moja, nimpelekee Mzee Qamara aikodolee macho. Baba nilipomweleza alitafuna kwanza akamaliza.

"Picha pigeni nyinyi wenye macho," akasema. "Mimi nitapiga nyundo."

Qurus: kengele ya shule

Tulianzia nyumbani. Kengele ya shule ya karibu yetu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa, nami nimeitikia mlio wake utoto wangu wote bila kujiuliza kilitoka wapi. Baba alifika pale Jumamosi asubuhi na nyundo yake ya genge, ambayo mama alikuwa akivunjia kuni miaka yote hiyo. Hakupiga kwa nyundo. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio.

"Huyu si wangu," akasema. "Huyu mnene. Ni wa reli ya kati huyu, amekuja kivyake."

Alitueleza kwamba mtu wa genge huijua reli kwa sauti. Walikuwa wakitembea njiani na nyundo, wakigonga na kusikiliza, na reli yenye ufa hulia kama mtu mwenye mafua. Isitoshe, genge lao lilikuwa na alama yake: vitone vinne vilivyochongwa kwa tindo chini ya kitako cha reli, karibu na ncha, mahali mvua haifiki. Nikampiga picha baba na kengele ile. Tluway akauliza kama tutasimama kwa kila chuma kilichoko wilayani, kwa sababu hata nyumbani kwake kuna jembe bovu.

Oldeani: Jumapili saa nane

Shamba la yule mlowezi tulilifikia jioni ileile. Mwenyewe aliondoka zamani. Tulipokelewa na bibi mmoja, mjane wa mpishi wa shamba, aliyetusalimia "Saita" kabla hatujazima gari, akamwangalia baba sana, akasema hamkumbuki. Baba akasema hata yeye hamwoni. Wakaelewana kuanzia hapo. Alitupikia viazi vitamu na maharage, na kahawa aliyoikaanga mwenyewe, nyeusi, bila sukari, kwa kuwa sukari hakuna aliyekuwa nayo Oldeani nzima. Sijawahi kunywa kahawa nzuri namna ile, nami nilikunywa vikombe vitatu.

Asubuhi, baada ya ibada, alitupeleka kwenye daraja dogo la shamba. Reli mbili zilikuwa pale kweli, zimelazwa kuvuka kijito, lakini zimezikwa kwenye zege, ncha tu zinaonekana. Baba alivua kandambili akasimama juu yake peku. Aligonga kwa nyundo, zege likajibu kwa niaba ya chuma. Akagonga tena, akahamia upande wa pili, akainama, akapapasa chini ya ncha, akakuta saruji.

"Amezikwa," akasema. "Anaweza kuwa yeye. Siwezi kuapa."

Sikuthubutu kumharakisha. Alisimama pale peku, na mimi nikapiga picha tatu, moja ya miguu yake tu. Tluway alikuwa akitazama jua. Mnakumbuka amri ya magari kutotembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na tulipopanda garini ilikuwa imebaki robo saa.

"Nilisema tuondoke saa sita," akasema Tluway, akazima injini ambayo hata haikuwa imewaka vizuri. Hivyo tukalala Oldeani siku ya pili bila kupanga, na bibi akafurahi, akatuchagulia viazi vikubwa zaidi.

Usiku ule usingekuwapo, safari ingeishia pale. Maana ni wakati wa kumenya viazi ndipo bibi alipokumbuka kwamba mlowezi alipofunga mizigo, watu wa mifugo walichukua kipande kimoja kilichobaki, wakakipeleka nyuma ya kreta, upande wa Endulen, kiwe kengele ya josho. Baba aliacha kumenya. "Kimening'inizwa?" akauliza. Bibi akasema kengele gani inayolazwa chini. Baba akamwomba arudie yote tangu mwanzo.

Getini

Jumatatu rejeta ilichemka mara mbili kwenye mlima kabla ya geti la hifadhi, tukaipoza kwa maji ya madumu. Getini askari akatuuliza tunakwenda kuona wanyama gani. Nikajibu kwa uaminifu wa kipumbavu, "Hatuendi kuona wanyama. Tunakwenda kuona reli."

Akatoka kibandani. Akafungua nyuma ya gari, akakuta nyundo, tindo, kamba na gunia tupu la viazi. Kumbukeni hii ni miaka ya kuwasaka wahujumu uchumi, mtu akikutwa na bati mbili asizoweza kuzieleza anaeleza mbele ya mkubwa.

"Reli ya nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo, lakini baba aliwahi kutoka kiti cha mbele. "Ni yangu," akasema.

Tulikaa kwenye nyasi tangu saa tatu mpaka saa sita, tukisubiri mkubwa wa askari. Tluway hakusema neno, na kwa Tluway hiyo ni lawama kubwa. Mkubwa alipokuja alikuwa mtu wa kucheka. Aliitazama nyundo, akamtazama baba na shuka lake na macho yake yenye ukungu, akasema, "Mzee, huku treni halijafika tangu dunia iumbwe. Nani amekudanganya?" Kisha akatufungulia geti, kwa wema kabisa.

Nilimwona baba akiikunja mikono mapajani kama alivyoikunja kule harusini, na nikajuta kumtoa nyumbani.

Ukungu, halafu jua

Ukingoni mwa kreta hatukuona kitu. Wageni hutoka ng'ambo ya dunia kutazama pale, na sisi tulisimama tukatazama pamba tupu, baridi inatutoa machozi. Nilipiga picha hivyohivyo, kwa ubishi.

"Sasa tuko sawa," baba akasema kwa furaha. "Wote hatuoni."

Kicheko hicho kilitupeleka mpaka upande wa pili, tulipoteremka na ukungu ukabaki juu yetu. Bonde la Malanja lilikuwa na jua na majani makavu, pundamilia wanakula pamoja na ng'ombe. Tluway akaanza kuimba. Nilimweleza baba kila kilichopita dirishani, na alipochoka kusikia habari za pundamilia aliniambia, "Dasi, binti yangu, nitajie tu vyuma." Basi nikamtajia: pipa, nguzo ya kibao, pipa tena. Tukapata pancha moja ambayo sina la kusema juu yake isipokuwa jeki ilikuwa imesahaulika Oldeani, na tuliinua gari kwa gogo.

Endulen: siku isiyo ya josho

Josho liko mbali kidogo na makazi, peke yake kwenye uwanda. Tulifika saa tisa, hakuna mtu. Reli ilikuwapo. Ilining'inia kwa mnyororo kwenye mgunga, urefu wa mkono na nusu, nyekundu kwa kutu, na chini yake jiwe la kuipigia.

Baba alitembea akiwa ameshika bega langu. Alinyoosha mkono akaigusa, akaishika pande zote mbili kama mtu anavyomshika ndama kichwa. Aliinusa. Akagonga kwa kifundo, kimya kimya, akasubiri mpaka mlio uishe wote.

"Nyundo," akasema.

Pigo la kwanza lilikuwa dogo. Sauti ilitoka nyembamba na safi, ikakimbia uwandani, na baba akainamisha kichwa kuifuata.

"Ndiye," akasema. "Paulina, ndiye huyu."

Nikarudi nyuma kurekebisha kamera, na kabla sijamaliza akainua nyundo kwa mikono miwili. Akapiga mara tatu, akatulia, akapiga tena mara tatu, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Ndivyo walivyokuwa wakiwaita watu wa genge kwenye chakula. Alipiga akicheka, nami nikapiga picha nikicheka, na Tluway akapiga makofi. Sote watatu ni watu wa josho, kwetu mifugo inaogeshwa kila mara. Wala hatukufikiri.

Kwanza nilisikia kengele za ng'ombe mbali, nikadhani ni wachungaji wanapita. Kisha vumbi likaonekana upande wa mashariki. Kisha kaskazini. Tluway akaacha kupiga makofi, akasema taratibu, "Mjomba, weka nyundo chini."

Walikuja kutoka maboma matatu. Ng'ombe, mbuzi, punda wawili, vijana wanakimbia na fimbo, kina mama wamejifunga vizuri na nyuso zinang'aa, kwa sababu kengele ya josho imelia na maana yake ni moja tu: dawa ya kupe imefika. Nao walikuwa hawajapata dawa tangu kabla ya masika. Kwenye tangi kulikuwa na maji ya kijani usawa wa kifundo cha mguu. Ndigana, ugonjwa wa kupe, ilikuwa imewachukulia ndama, tuliambiwa baadaye, na sikuhitaji kuambiwa, niliwaona kupe masikioni mwa wale waliokuja.

Mzee mrefu mwenye fimbo nyeusi akapita katikati ya ng'ombe mpaka kwetu. Jina lake Koyaki. Aliangalia ndani ya tangi, akaangalia gari letu, akaangalia nyuma ya gari.

"Nyinyi napiga chuma, ng'ombe nakuja," akasema. "Haya. Dawa iko wapi?"

Akauliza tena, polepole zaidi, akinielekea mimi. Nikasema hatuna dawa. Maneno yakapita nyuma kwa Kimaasai, mtu kwa mtu, na nikaona zile nyuso zikizimika moja moja. Kama wangetutukana ningepata nafuu.

Baba ni Mmbulu aliyelelewa kukimbilia ndani akisikia kengele za ng'ombe wa Kimaasai. Alisimama katikati yao wote, haoni hata mmoja vizuri, nyundo miguuni.

"Mimi ndiye niliyepiga," akasema. "Hawa watoto hawana kosa. Kwetu wananiita mwongo. Leo nimekifanya hata chuma kiseme uongo." Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia, na pale alilia mbele ya watu wasiomjua.

Koyaki akachuchumaa, akaegemea fimbo yake. "Mzee hapigi chuma ya watu bila sababu," akasema. "Sema."

Na baba akasema. Kwa mara ya kwanza tangu harusini alisimulia yote: manamba, karanga, genge, mataruma, kumlaza na kumwamsha, lori. Kijana mmoja aliyesoma alikuwa akitafsiri, na ng'ombe walikuwa wakila majani kuzunguka kana kwamba wameitiwa hilo. Alipofika kwenye vitone vinne, Koyaki alinyanyuka mwenyewe. Vijana wakaishika reli isiyumbe, Koyaki akapitisha kidole chini ya kitako, mwanzo mpaka mwisho. Akarudia. Nami nikapitisha changu. Pande zote mbili kipande kilikatwa kwa msumeno, na vitone havikuwapo.

"Haiko," akasema Koyaki.

Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyeshazoea. Nikatamani dunia inimeze, maana mimi ndiye niliyemleta kuaibika mbele ya maboma matatu badala ya harusi moja.

"Lakini mwongo hawezi kukwambia weka kidole hapa," Koyaki akaendelea. "Mwongo nasema iko mbali, iko zamani, yule najua nakufa. Wewe nasema hapa, chini. Mimi nakubali. Ilikatwa, basi."

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayekubali bei ya kawaida. Baba aligeuza uso kuelekea sauti ile.

Wakati huohuo kelele zikazuka upande wa ng'ombe. Nilidhani sasa tunapigwa. Kumbe makundi ya maboma matatu, ambayo siku zote huchungwa mbali mbali, yalikuwa yamechanganyika, na mke wa Koyaki alikuwa amemshika pembe mtamba mwekundu mwenye sikio lililochanwa. Mtamba wao alipotea tangu mvua. Walishamlilia, walishasema ni simba. Alikuwa amejiunga na kundi la boma la kaskazini, nao walikuwa wakimtunza wakijua iko siku mwenyewe ataonekana. Mama yule alicheka na kuimba, wa kaskazini wakacheka, na uwanda mzima ukabadilika. Koyaki akamzunguka mtamba wake mara mbili. Kisha akarudi kwa baba, akamshika mkono, akautikisa sana.

Kina mama wakaamua kwamba kwa kuwa wamevaa na wamekuja bure, angalau wapigwe picha. Picha zangu zote zilizobaki zikaishia hapo, na sijutii hata moja.

Bomani kwa Koyaki

Tulilala kwake. Tulikunywa maziwa ya kwenye kibuyu yenye harufu ya moshi, Tluway akasonga ugali wa ule unga wetu wa mahindi ya njano, na wenyeji wakauonja kwa adabu, wakaurudisha kwa adabu hiyohiyo. Baba na Koyaki walikaa pamoja mpaka nikasinzia. Hawakuwa na lugha moja ya kutosha, lakini nilisikia "lori" na "mtamba" zikipishana.

Asubuhi Koyaki akamletea baba mbuzi jike mweusi, kamba shingoni. Yule kijana aliyesoma akatueleza taratibu zao: mtu akikupa mbuzi, hamwitani tena kwa majina. Yeye atakuita Pakine, nawe utamwita Pakine, mpaka mmoja afe. Ni jina la mbuzi mliyeunganishwa naye.

"Pakine," akasema Koyaki, kumjaribu.

"Pakine," akajibu baba. Akalirudia peke yake. Kisha akaniomba nyundo. Nilidhani anataka kupiga tena, na Tluway naye akashtuka. Baba akampa Koyaki ule mpini mkononi. "Huyu hapigwi kwa jiwe," akasema. "Anapasuka. Mpige kwa hii."

Mama mpaka leo anavunja kuni kwa shoka la kuazima, na ameniambia niwaandikie jambo hilo.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na kitu, isipokuwa mbuzi alikula ukingo wa kiti cha Tluway, na getini yule askari aliuliza kama tumeiona reli. Nikasema tumeiona. Akaangalia nyuma, akakuta mbuzi. Ukungu ulikuwa umeondoka, kreta yote iko wazi chini yetu, ziwa linang'aa, na mimi sina picha hata moja kwenye mkanda. Tukakaa tukatazama. Nilimsimulia baba mpaka akasinzia.

Mnadani Karatu

Mkanda ulisafishwa Arusha. Kengele ya shule nimeikata nusu. Kreta ni kijivu kitupu. Lakini ile moja imetoka: baba, nyundo juu, meno yote nje. Nikaikuza, nikaipeleka kwenye benchi la mnadani kama nilivyopanga. Mzee Qamara aliishika kwa ncha za vidole ili asiipake mafuta ya nyama. Akaitazama sana.

"Ni kengele ya josho," akasema, akanirudishia.

Hiyo ndiyo picha niliyosafiria. Sikumwambia baba.

Mnada uliofuata nilikwenda naye kuuza maharage. Alisimama nami kwenye magunia, mgongo ameupa lile benchi, kama alivyozoea tangu Krismasi. Saa sita hivi nikasikia mtu anapaza sauti toka upande wa ng'ombe, "Pakine! Pakine!" Baba akageuka kabla yangu. Koyaki alikuja kwa hatua zake ndefu, wakashikana mikono katikati ya njia, punda wanawapita, na watu wakasimama, maana si kila siku Mmaasai anamwita Mmbulu kwa jina hilo mnadani.

"Dawa ilikuja!" Koyaki akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye nyama. "Juma lililopita. Mimi napiga chuma na nyundo yako, napiga, napiga. Hakuna mtu nakuja! Wote wanasema, ah, ni yule Mzee wa Reli tena!" Akacheka mpaka akashika magoti. "Natuma vijana boma kwa boma kuita. Siku nzima!"

Wenye nyama wakataka kujua ni chuma gani. Koyaki hakuhitaji kuombwa. Akawasimulia pale pale, kwa Kiswahili chake, habari za reli ya genge la Pakine wake iliyotoka kusini juu ya lori na Pakine mwenyewe ameikalia, akiisimulia kama kitu kinachojulikana na kila mtu, na ng'ombe wa maboma matatu, na mtamba. Watu walicheka sana. Baba alicheka kuliko wote, na safari hii niliangalia mikono yake, ilikuwa imelegea.

Mzee Qamara alikuwa benchini. Hakucheka. Aliweka mfupa chini, akajifuta mikono kwa jani la mgomba, kimoja kimoja kila kidole.

"Amnaay," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi. "Hilo treni. Lilikuwa na mabehewa mangapi?"

Baba akanyoosha mkono kunitafuta bega, nikampeleka. Akalipapasa benchi, akakuta mahali pake patupu.

"Sogea kidogo, Qamara," akasema. "Pakine naye akae."

Nilipowaacha kwenda kutafuta gari la kuturudisha nyumbani, jua lilikuwa limeinama, maharage yamekwisha, na lori la baba lilikuwa bado halijatoka Nachingwea.